Napiga gita nyumbani tu, nataka kujiunga na klabu ya muziki na vikao vya jemu: nijiandae vipi?

NyuziSita

Habari zenu wadau. Napiga gita la akustiki kwa kujifurahisha. Sina bendi na sitafuti bendi. Kodi za wazi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, baadhi ya nyuzi zikiachwa bila kubanwa) nazimudu: G, C, D, A, E, Em, Am na Dm. F naipata lakini inachelewa. Nataka kuanza kupiga na watu, ama kwenye klabu ya muziki ya jamii inayokutana kila wiki, ama kwenye vikao vya jemu, vile ambavyo watu hukutana na kupiga papo kwa papo bila mazoezi ya pamoja. Naomba kujua kiwango gani kinatosha, nifanye mazoezi ya nini hasa kabla ya kwenda, na mgeni hukosea wapi mpaka akawa kero kwa wenzake. Majibu ya kina tafadhali, hata yakiwa marefu.

BesiYaKati

Karibu mkuu. Kodi ulizotaja zinatosha kabisa. Kinachowakwamisha wageni si uchache wa kodi, ni kusimama. Ukiwa peke yako, F ikigoma unasimama, unapanga vidole, unaendelea. Kwenye kundi haiwezekani: pigo la kwanza la kipimo kinachofuata linafika, uwe tayari usiwe tayari. (Nikisema kipimo namaanisha ile baa ya mapigo manne.)

Kwa hiyo jizoeze kutosimama. Weka metronomu (kifaa kinachogonga mapigo ya mwendo) kwenye mapigo 80 kwa dakika, ambapo kila pigo ni robo tatu ya sekunde. Piga G kipimo kimoja, C kimoja, F kimoja, C kimoja, dakika tano mfululizo. F isipofika kwa wakati, usiifukuze. Legeza vidole vya mkono wa kushoto viguse nyuzi bila kuzikandamiza ili zitoe "chk, chk" tu, mkono wa kulia uendelee kucharaza kama kawaida, halafu ingia kwenye kodi inayofuata. Msikilizaji hatajua kama umekosa kodi. Atakachokijua ni kama mdundo umekatika. Ukiweza hapo, teremsha metronomu hadi 40 na uhesabu kila mlio kuwa pigo la pili na la nne. Mwendo ni uleule wa 80, ila sasa pigo la kwanza unalitunza wewe mwenyewe. Zoezi hili ndilo linaloonyesha kama una mwendo wako au unaburutwa na mashine.

Pili, jua kodi kwa namba, si kwa majina peke yake. Kwenye ufunguo wa G (yaani wimbo unaotulia kwenye G), G ni 1, C ni 4, D ni 5, Em ni 6, Am ni 2. Kwenye vikao vingi kiongozi haiti "C". Ananyoosha vidole vinne. Ufunguo ukihama kwenda A, 1-4-5 inakuwa A, D, E, na wewe hukariri wimbo upya.

Tatu, shika mzunguko wa vipimo 12 wa bluzi, maana ndio kimbilio la kila jemu. Kwenye A: A vipimo vinne, D viwili, A viwili, E kimoja, D kimoja, A kimoja, E kimoja, unarudi mwanzo. Kuna aina nyingine ambayo kipimo cha pili kinaruka kwenda D kisha kinarudi A. Kiongozi asipoitaja, nusu ya watu watabaki A na nusu wataenda D, na mvurugano unasikika dakika ya kwanza tu. Uliza kabla ya wimbo kuhesabiwa kuanza.

Ukipotea katikati ya wimbo, acha kucharaza. Kaa kimya, sikiliza besi kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, maana mara nyingi noti hiyo ndiyo jina la kodi. Mzunguko ukianza upya, ingia. Kukaa kimya vipimo nane si aibu, ila kubahatisha kodi vipimo nane kunawapoteza na wengine.

SautiYaTatu

BesiYaKati ameeleza mazoezi vizuri. Mimi naongeza kwamba "jemu" si kitu kimoja, na makosa mengi ya wageni yanatokana na kwenda kwenye kikao cha aina moja na adabu za aina nyingine. Wasiliana kwanza na anayeongoza, umuulize wanapiga muziki gani, kama kuna orodha ya nyimbo, kama karatasi zinaruhusiwa, na kama wanatumia umeme.

Klabu za ukulele na za kuimba kwa gita ndizo rahisi kuingilia. Zina vitabu vya nyimbo au maneno yanaonyeshwa ukutani, wote wanapiga kodi zilezile na wote wanaimba. Hapo unaweza kwenda hata wiki hii. Bendi ya jamii ya tarumbeta na saksafoni ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu ni lazima usome nota, na gita mara nyingi halina nafasi.

Jemu ya bluzi kwa kawaida ina bendi mwenyeji na daftari la majina. Unafika mapema, unaandika jina na chombo, unaitwa na wengine wachache mnapiga nyimbo mbili tatu, mnashuka. Wapiga gita huwa wengi kuliko wote, kwa hiyo tarajia kusubiri. Mpiga besi au drami huitwa haraka, na mara nyingine hurudishwa jukwaani mara mbili.

Kwenye jazi, kila mtu anapiga wazo kuu la wimbo kwanza, kisha solo zinapokezana juu ya kodi zilezile, kisha wazo kuu linarudi. Nyimbo nyingi zina vipimo 32 vilivyogawanywa A, A, B, A, kila sehemu vipimo vinane. Watu hupotea kwenye A ya tatu, kwa sababu baada yake inakuja A ya wimbo kuanza upya na ya pili yake: A tatu mfululizo masikioni. Jizoeze kuisikia B, ndiyo alama yako ya njiani. Ila kwa kodi ulizonazo, jazi iache kwanza.

Vikao vya muziki wa asili wa Ayalandi navieleza kwa urefu kidogo kwa sababu huko ndiko wapiga gita wanapokosea zaidi. Wimbo wa kawaida una sehemu mbili, kila moja vipimo vinane vinavyorudiwa, jumla 32. Unapigwa mara mbili tatu, kisha bila kusimama wanaingia wimbo wa pili, pengine na wa tatu. Filimbi, fidla na akodiani zote zinapiga wimbo uleule kwa pamoja, hakuna zamu za solo. Gita ni la kusindikiza tu, na kama tayari kuna mpiga gita mmoja anasindikiza, wewe subiri seti nyingine. Sababu ni ya kimuziki: nyimbo hizo hazina kodi zilizoandikwa. Mmoja anaweza kusikia Em mahali ambapo mwingine anasikia G, na zote mbili ni sahihi, lakini zikipigwa pamoja kwa nguvu zinautia wimbo matope. Ngoma nazo hivyohivyo, moja kwa wakati mmoja.

Bluegrass (muziki wa asili wa nyuzi wa Marekani) ni kinyume. Mnakaa duara, magita kadhaa yanaruhusiwa, anayeita wimbo ndiye kiongozi wake, na solo inazunguka kwa kuangaliana na kuinamisha kichwa. Zamu ikikufikia na hutaki solo, tikisa kichwa kukataa mapema, uangalie mtu anayefuata. Usisubiri mpaka kipimo cha kwanza cha solo yako kianze. Kiongozi akiinua mguu mmoja, maana yake wimbo unaishia mzunguko huu.

TarumbetaBflati

Niseme kuhusu kero mbili ambazo wapiga gita huzileta bila kujua.

Ya kwanza ni msongamano. Magita manne yote yakipiga G ya wazi, kila moja likicharaza juu na chini bila kupumzika, hakuna gita linalosikika. Kinachosikika ni ngurumo. Dawa ni kugawana nafasi. Ufunguo ukiwa G, mmoja apige G, C, D za wazi. Wa pili abane kapo (kibanio kinachokandamiza nyuzi zote) freti ya 5 (kigawanyo cha tano cha shingo ya gita) na apige maumbo ya D, G, A. Kodi zinazotoka ni zilezile G, C, D, lakini juu zaidi. Wa tatu abane freti ya 7 apige maumbo ya C, F, G, tena kodi ni zilezile. Wa nne acharaze pigo la pili na la nne tu, kwa nyuzi tatu nyembamba, akizikata mara moja. Ghafla mwimbaji anasikika! Fanyeni jaribio hili kwa dakika mbili na hamtarudi nyuma. Na kama chumba kina kinanda na besi, mpiga kinanda aache noti za chini kabisa za mkono wa kushoto, ni mahali pa besi.

Ya pili ni ufunguo. Wapiga gita hupenda E na A kwa sababu nyuzi za wazi zinasaidia. Tarumbeta la B flati na saksafoni ya tena hupiga hatua nzima juu ya kinanda: E yenu kwetu ni F shapu, yenye shapu sita. Saksafoni ya alto inapata C shapu, shapu saba. Mchezaji wa kujifurahisha hapo anahangaika na vidole tu, muziki haupo. G inavumilika: saksafoni ya tena na tarumbeta wanapata A, alto anapata E. Afadhali zaidi ni B flati, ambapo tarumbeta linapata C na alto anapata G. Kwako wewe ni kapo freti ya 3 na maumbo ya G, C, D. E flati ni kapo freti ya 3 na maumbo ya C, F, G. Na ukitaja ufunguo mbele ya watu wa pumzi, sema "G ya kinanda". Ukisema G tupu, mmoja ataichukua kuwa ya kwake.

Kapo ibanwe karibu na waya wa freti upande wa kichwa cha gita, kisha tyuni tena, kwa sababu huvuta nyuzi na sauti hupanda kidogo. Kwenye tyuna yako hakikisha A iko hezi 440. Kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya inakwenda 438 au 442 na unashangaa kwa nini kila mtu yuko nje ya sauti isipokuwa wewe. Kama kuna piano ya mbao iliyoshuka sauti, nyote tyunini kwa piano, haiwezi kuwafuata ninyi.

NyuziSita

Ahsanteni sana, hii ya kapo 5 na 7 sikuwahi kuifikiria. Maswali mawili zaidi. Gita langu lina pikapu ya betri (kinasa sauti cha ndani ya gita): nibebe amplifaya? Na siku nikiambiwa "haya, wewe chagua wimbo", nauongozaje?

FundiSauti

Amplifaya: kama wengine wote wanapiga bila umeme, usibebe. Kama kuna drami, wati 15 hadi 30 zinatosha kwa chumba cha kawaida. Iinamishe itazame kichwa chako, au iweke juu ya kiti. Sauti kali za juu hutoka kwenye spika zikiwa zimenyooka mbele, kwa hiyo ikiwa sakafuni inapiga magotini kwako, wewe unasikia gita limezubaa, unaongeza sauti, na aliyekaa mita nne mbele yako anachomwa masikio. Kipimo cha haki ni kimoja: kama humsikii mwimbaji, wewe una sauti kubwa mno.

Pikapu ya betri hula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi. Chomoa wakati wa mapumziko na ubebe betri ya akiba. Nyingi hutumia ya volti 9, lakini angalia yako. Dalili ya betri kuisha ni sauti kupasuka kwenye pigo la nguvu, watu wakadhani waya ni mbovu. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa, shusha sauti ya amplifaya hadi sifuri, maana ule mlio wa "pap" unaumiza spika na masikio. Waya wa mita 6 unatosha. Waya wa gita usiunganishe amplifaya na spika yake: uzi wa ndani ni mwembamba, unapata moto na unaweza kuua amplifaya.

Gita la akustiki likianza kuvuma lenyewe kwenye sauti ya chini, ni hewa ya ndani ya kasha inayoitika spika, kwa kawaida karibu na hezi 100. Geuka usiitazame spika, punguza besi, na kama bado, ziba tundu kwa kizibo cha mpira. Maikrofoni ikipiga mluzi, angalia kwanza kama mwimbaji amefunika kichwa cha maikrofoni kwa kiganja. Akiachia, mara nyingi mluzi unakoma hapohapo. Kisha hakikisha spika kuu ziko mbele ya maikrofoni, si nyuma yake.

Masikio usiyasahau. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Karibu na drami chumbani 100 hufikiwa bila shida. Viziba masikio vya wanamuziki hupunguza sauti zote kwa uwiano, kwa hiyo bado unasikia kodi. Vile vya sponji hukata zaidi sauti za juu na kila kitu kinakuwa kama kiko nyuma ya ukuta.

Mkobani: tyuna, kapo, piki tano, seti moja ya nyuzi, waya, penseli, stendi ya karatasi inayokunjwa. Nyuzi mpya ziweke siku mbili tatu kabla na uzivutevute, la sivyo zitalegea kila baada ya wimbo.

BesiYaKati

Kuongoza wimbo: taja mambo matano kwa sauti kabla ya kuhesabu. Ufunguo, mwendo, mpangilio wa sehemu, nani anaanza, na unaishaje. Mfano: "G, mwendo wa wastani, mapigo manne, beti mbili kisha kiitikio, gita linaanza vipimo vinne, mwisho mstari wa mwisho mara tatu." Sekunde kumi tu hizo.

Kosa kubwa hapa ni kuhesabu haraka kuliko wimbo wenyewe. Moyo unakwenda mbio, unahesabu 120, halafu maneno hayaingii. Imba mstari wa kiitikio kimoyomoyo kwanza, kwa kuwa ndipo maneno huwa yamebanana, upate mwendo, ndipo uhesabu "moja, mbili, tatu, nne". Angalia pia kama maneno yanaanza kabla ya pigo la kwanza. Kama yanaanza kwenye pigo la nne, waambie, vinginevyo nusu yao watadhani neno lako la kwanza ndilo pigo la kwanza, na mtakuwa pigo moja mbali mpaka mtu asimamishe.

Wimbo wenyewe uwe wa kodi tatu au nne. Kama una kodi moja ya ajabu mahali pamoja, itaje kabla: "kwenye kiitikio kuna A meja, si Am." Ufunguo uchague kwa sauti ya mwimbaji: tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, ikimkaba, shusha hatua mbili.

Solo ukipewa, mzunguko mmoja au miwili. Vipimo 12 kwa mwendo wa 120 ni sekunde 24, kwa hiyo miwili haifiki dakika. Vipimo viwili kabla hujamaliza, inua macho umtazame anayefuata. Mtu anayepiga solo macho yameganda kwenye freti hampi mtu zamu. Mzunguko mpya unaanza na hakuna anayejua ni wa nani, watu wawili wanaingia pamoja au haingii mtu. Na mwenzako akipiga solo, shusha sauti yako. Hilo watu hulikumbuka kuliko solo yako.

Karatasi ziache nyumbani. Ukitazama karatasi huoni ishara.

MwalimuWaKwaya

Kwenye hilo la mwisho napingana nawe, mkuu. Klabu nyingi za kuimba haziwezi kwenda bila karatasi, na mgeni asiye na karatasi atakaa kimya jioni nzima. Tatizo si karatasi, ni karatasi mbovu. Wimbo mmoja ukurasa mmoja, kodi zimeandikwa juu ya silabi zinapobadilikia, herufi kubwa za kusomeka ukiwa umesimama, ufunguo juu kabisa, penseli ya kuandika namba ya kapo. Stendi iwe chini ya kifua ili macho yapite juu yake. Akitumia simu, azime ile ya skrini kujifunga yenyewe. Kuna wengi hupotea ubeti wa pili kwa sababu ya skrini kuzimika tu.

BesiYaKati

Sawa, kwa klabu za kuimba nakubali. Kwa bluegrass, bluzi na vile vya Ayalandi nabaki palepale.

SautiYaTatu

La mwisho kwa NyuziSita: mahali pa kukaa. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 3.4 ni milisekunde 10 za kuchelewa. Ukikaa mita 10 kutoka kwa mpiga drami, unamsikia karibu milisekunde 30 nyuma, na ukimfuata kwa sikio utapiga nyuma yake kila pigo bila kujua kwa nini mnaburutana. Duara liwe dogo, magoti karibu yagusane. Wewe kaa upande unaouona mkono wa kushoto wa mpiga gita mzoefu: umbo la G na la C unalitambua kwa jicho kabla sikio halijaamua. Mara ya kwanza sikiliza nyimbo mbili nzima bila kupiga, ya tatu ingia kwa sauti ndogo, na usityuni wakati mtu anaongea au anaimba. Tumia tyuna ya kubana kichwani mwa gita ukiwa umeshusha sauti.